Nusu ya Barabara kwa Mzee Hodi

Hodi ilipopigwa asubuhi ile, mama alikuwa akikamua nguo na binti yake akizianika uani. Mlangoni alisimama msimamizi wa kazi ya barabara, kofia yake ngumu ameikumbatia kifuani.

"Karibu, baba," mama alimwambia huku akicheka. "Leo ndiyo mmenikumbuka? Mume wangu amegonga mtaa mzima kutangaza lami, kwake mwenyewe akapita kama hapaoni. Nimeshtukia mashine zinaunguruma, nguo zangu ziko kwenye maji!"

Msimamizi hakucheka. "Mama, sikuja kwa habari ya barabara. Mzee ameanguka pale kwenye vizuizi. Tumemkimbiza hospitali, lakini Mungu amempenda zaidi."

Shati lilimponyoka binti likaanguka mchangani. Mama aliketi pale pale kizingitini. "Mungu wangu, nishike," alisema.

Mumewe, mtaani walimwita Mzee Hodi. Katika kikosi cha barabara kazi yake ilikuwa kutangulia mashine. Kabla lami kuukuu haijakwanguliwa, yeye alikuwa ameshapita nyumba kwa nyumba. Ofisi ilimpa vikaratasi vya kugawa, naye akavitia mfukoni, akasema kwa mdomo wake.

"Gari litoke alfajiri, la sivyo litashinda ndani. Funga madirisha ya mbele, maana vumbi letu halina adabu. Harufu itakuuma kichwa, vumilia. Na lami ikiwa moto usiikanyage. Kiatu kitabaki kwangu, utarudi peku."

Akishacheka na wenyeji, aliuliza swali lake: "Na humu ndani mna jambo gani ambalo barabara inafaa ilingoje?" Pengine palikuwa na mgonjwa, pengine mja mzito, pengine harusi. Akiambiwa, alirudi kumganda msimamizi kama kupe mpaka ratiba ibadilike. Kwake tu hakuuliza. Akifika nyumbani alikuwa amechoka kusema, anataka maji ya kuoga na kiti chake.

Mama alipoinua uso, alikuwa na ombi moja. "Tunamzika alasiri ya leo. Lakini kwanza mleteni hapa. Atokee mlangoni kwake."

Msimamizi akatazama nje. Barabara yote ilikuwa imekwanguliwa, na malori ya lami yalikuwa yakisubiri yakifuka moshi. Lami ikipoa ndani ya lori ni ya kutupwa. Ikimwagwa sasa, alasiri bado itakuwa moto. Kila upande wa barabara ulikuwa na mtaro wazi, hapana pa kupita na jeneza.

"Tumwage nusu," alisema dereva wa mtambo wa kushindilia, aliyekuwa amekuja na msimamizi. "Nusu nyingine gari lipitie. Tutamalizia kesho."

"Na mshono wa lami ya leo na ya kesho katikati ya barabara? Mzee mwenyewe angetusema mpaka tukome!" Msimamizi alijifuta uso. "Halafu watu waliahidiwa siku moja. Wakilalamika ofisini, nitaamriwa kumwaga yote."

Binti aliokota lile shati, akalikung'uta. "Basi tukawaulize. Alivyokuwa akifanya baba."

Wakashika njia, yeye na dereva. Nyumba ya kwanza alitoka fundi cherehani, tepu shingoni. Hakungoja wamalize. "Jana mzee alimsukuma mama yangu kwenye kiti cha magurudumu mpaka ng'ambo, asichelewe kliniki. Kisha unaniuliza kuhusu vumbi? Nenda, dada. Pole sana."

Kila mlango ulikuwa na lake. Binti alikuwa akimjua baba wa nyumbani, mkimya, anayesinzia redio ikiimba. Huyu waliyemsimulia watu alikuwa mcheshi, tena msemaji. Kati ya mlango na mlango alilia, akamshukuru Mungu kwa kuonyeshwa upande huo.

Mlango alioogopa ulikuwa wa mwoka mikate, mama mwenye ulimi wa wembe.

"Siku ya pili ya vumbi!" mwoka mikate alifoka. "Mikate ya leo ina mchanga, wateja wanatafuna kokoto kama kuku!"

"Samahani, shangazi. Ni kwa ajili ya..."

"Najua ni kwa ajili ya nani! Juzi walipomwaga lami mtaa wa pili, alinizuia pale njiani, keki ya harusi mkononi. Nikamtukana nikamaliza. Unajua alinijibu nini? 'Tukana, mwanangu, ila usikanyage.' Kisha akasimama juani akiipepea keki yangu kwa vikaratasi vya ofisi yao mpaka pakapitika." Akajifuta macho kwa aproni iliyojaa unga. "Mwageni nusu. Atakayelalamika ofisini, aje kwanza kwangu."

Hakulalamika mtu. Upande mmoja ukamwagwa na kushindiliwa. Upande wa pili, bila kuagizwa, watu walitoka na ndoo wakanyunyiza maji mbele ya nyumba zao, vumbi lisimrukie mzee.

Gari lililomleta kutoka hospitali likapita taratibu. Jeneza likawekwa sebuleni, kiti chake kikasogezwa ukutani. Mama alimfunua uso, akamgusa paji. "Asante kwa miaka yote," alimwambia. "Ulinitunza, na Mungu akutunze." Ndugu wakasali, kisha wakambeba hadi garini. Mtambo ulizimwa. Wenzake wa kikosi walivua kofia, wakafuata nyuma kwa miguu.

Makaburini msimamizi alisema tu kwamba mzee alikuwa mtu mwema. Sala ikasomwa. Wakamshusha kwa kamba. Mama akatia udongo, binti akatia, kisha vijana wa kikosi wakafukia kwa makoleo yao ya kazi, wakasawazisha juu vizuri. Mwoka mikate alimshika mama mkono. Jua lilikuwa bado halijazama waliporudi nyumbani.