Maziwa Tuliyopeleka Kliniki ya Figo

Nilitumwa Embu kwa sababu dada yangu Karimi alikuwa amejifungua wiki hiyo, na bintiye mkubwa, Makena, wa miaka saba, alipaswa kuonwa na daktari wa figo za watoto. Daktari huyo huja mara moja kwa mwezi. Makena alikuwa amevimba uso na miguu, na presha yake ilikuwa kama ya mzee mwenye kesi ya shamba. Dawa alikuwa ameanza. Ikionekana hazifanyi kazi, angepelekwa kulazwa Nairobi. Mimi niliishia kidato cha pili, lakini dunia yote naijua kwa ramani, kwa hivyo hata Embu kwangu ni safari.

Kanyakine, Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Muuguzi wa zahanati alikuwa ametuagiza tukusanye mkojo wote wa mtoto kwa saa ishirini na nne, bila kupoteza tone, ili maabara ipime protini inayovuja kwenye figo na kuutia povu. Alitupatia mtungi wa lita tano. Niliuvisha gunia bichi ubaki baridi.

"Leo wewe ni ng'ombe wa gredi," nikamwambia Makena. "Kila ukikamuliwa, tunaweka."

"Na wewe mjomba ni nani?"

"Mimi ni meneja wa ushirika wa maziwa."

Jirani yetu Mzee Gitonga, ambaye ni mzee wa kanisa, alitubeba kwa pikapu yake ya ndizi.

Chuka, saa tatu. Makena aliomba kushuka. Nikamshika mkono, mtungi begani, tukaingia kichakani kama watu wanaopeleka kafara. Tuliporudi, Mzee Gitonga akauliza ninabeba nini. Niliona aibu.

"Ni dawa ya shamba, mzee."

Runyenjes tukashuka tena.

"Hiyo dawa ya shamba inaenda choo na mtoto?" akauliza. Nikajifanya nahesabu mikungu ya ndizi.

Embu, mtaa wa Dallas, alasiri. Shangazi yetu Mama Njeru alikuja mbio na kuninyang'anya mtungi kabla sijafika mlangoni, maana kwetu mgeni haachiwi mzigo mkononi, na chombo anachokuja nacho huwa ni zawadi. Alijua tumekuja kwa daktari. Habari za mtungi hakuwa nazo.

"Shangazi, huo usifungue," nikasema. "Weka tu pahali baridi."

Akanitazama sana.

Jioni hiyo niliuomba mtungi mara nne. Kila mara niliingia nao chooni na Makena, nikatoka nikitabasamu kwamba hakuna tone lililopotea. Kabla ya chakula Shangazi aliomba kwa muda mrefu, hasa kwa ajili ya kijana mmoja anayebeba siri mbaya mbele ya mtoto mdogo. Niliitikia Amina kwa nguvu. Nilimhurumia huyo kijana, yeyote yule aliyekuwa.

Jumanne asubuhi tuliweka mkojo wa mwisho, nikaenda kuoga. Niliporudi, gunia lilikuwa limefungwa upya na kamba safi.

"Mwenda," Shangazi akaniambia polepole, "mimi sitamwambia baba yako. Lakini uache."

Nilidhani anasema zile chapati nne nilizokula.

"Nitaacha, Shangazi."

Akapangusa machozi.

Hospitalini, saa tatu. Mtu wa maabara alifungua mtungi, akanusa, akamwita mwenzake.

"Haya ni maziwa."

"Tena yamechemshwa," mwenzake akasema.

Daktari, mama mpole mwenye miwani juu ya nywele, akaja kuangalia. Makena akaanza kulia.

"Mjomba, nimegeuka ng'ombe?"

Nikampigia Shangazi simu.

"Kilichokuwa kwa mtungi kiko wapi?"

"Nilimwaga kwa migomba. Pombe ya muratina, Mwenda, na povu yake yote, kwa nyumba ya mwenyekiti wa akina mama kanisani. Nikausugua mtungi na majivu. Lakini chombo cha mgeni hakirudi kitupu, ndiyo nikaweka maziwa."

"Shangazi, huo ulikuwa mkojo wa Makena."



"Na ulikuwa unaenda nao chooni kufanya nini?"

"Kuongeza."

Nilikaa kwa benchi nikijua mwezi mzima wa mtoto umelala kwenye mizizi ya migomba. Daktari aliinama mbele ya Makena.

"Una mkojo hata kidogo sasa?"

"Ninao. Nimeubana, kwa sababu mjomba alisema hata tone lisipotee."

Alipewa kikombe kidogo. Daktari akasema wa siku nzima ungekuwa bora, lakini hata huo utaonyesha kama protini inapungua. Kisha akamkalisha kimya dakika tano, akampima presha kwa mkanda mdogo wa mkono wa mtoto. Kumbe ule wa zahanati yetu ulikuwa wa watu wazima, na unaweza kudanganya.

Saa nane majibu yalitoka. Protini imepungua. Presha bado iko juu kiasi, ataongezwa kidonge kimoja. Chumvi asiguse. Nairobi haendi. Niligeukia ukuta, nikakaa hivyo mpaka Makena akanivuta koti.

Njia ya kurudi, jioni. Mzee Gitonga alikuwa amemaliza ndizi.

"Dawa ya shamba imekubali?"

Nilikuwa nimechoka na uongo. Ugonjwa wa mtoto ukiuficha kwa gunia, hata anayekupenda ataumwaga. Nikamweleza yote: figo, povu, uso unaovimba, muratina, maziwa. Nilingoja acheke. Kabla ya Chuka alisimamisha gari kando ya barabara, akazima injini.

"Huko kuvimba uso," akasema, "ni asubuhi zaidi?"

"Ni asubuhi, mzee."

"Mjukuu wangu yuko hivyo tangu Pasaka. Sisi tunamsifu mama yake kwamba anamlisha vizuri."

Alikaa ameshika usukani.

"Hiyo kliniki," akasema, "ni siku gani?"