Chai ya Baba Isiyo na Sukari

Sisi wa Lupembe tulilima chai bila kuinywa. Majani mabichi yalipanda lori kwenda kiwandani, nasi tukanunua chai ya pakiti dukani na kuizamisha kwenye maziwa na sukari. Ndivyo tulivyoishi mpaka baba alipohudhuria semina, miaka ile ya soko huria, ambapo kila kukicha gari jipya lilituletea mtaalamu mpya.

Mtaalamu wa siku hiyo alisimama kwenye banda la kupimia majani, akawaeleza wakulima kwamba chai, maharage mekundu, mboga na matunda vina vitu viitwavyo polifenoli, na kwamba wapo wanaodhani vinasaidia kuukinga utumbo na saratani. Baba alirudi na neno moja tu, polifenoli, akawa analitamka kwa madaha kama jina la mchumba.

Masika, lori lilipokwama kwenye utelezi na majani kuanza kunyauka kituoni, wenzake walinung'unika. Yeye alirudi na kapu lake akayachemsha. Tangu hapo sufuria haikutoka jikoni. Aliacha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, jambo ambalo padri wetu alilihubiri bila mafanikio tangu sijazaliwa. Alikunywa asubuhi, akanywa na ugali, akanywa kabla ya kulala, chai nyeusi, chungu, isiyo na sukari. Tulimtania kwamba siku moja atachipua, naye akacheka.

Mama hakucheka. Ndiye aliyefua nguo zake. Alinifuata Makambako, nilikoolewa na mwenye magari ya mizigo, akaniambia hata kabla ya kuketi kwamba baba anatokwa na damu akienda haja kubwa, na hataki kusikia habari za hospitali. Nilidandia gari la kwanza la mume wangu lililoelekea Njombe, nikafika Lupembe nimejaa maneno. Baba alikuwa amekonda, viganja vimepauka. Akanijibu kwamba dawa anayo shambani, ekari nzima, ya nini kwenda kupanga foleni? Nilimsihi, nikamgombeza, nikalia. Alinimiminia kikombe.

Alishikilia hivyo hivyo mpaka alipoanguka akichuma. Ndipo tukambeba hospitali. Daktari alimsikiliza habari za polifenoli hadi mwisho bila kumcheka, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Kisha akatueleza kwamba uvimbe ulikuwa umeshatoka kwenye utumbo na kufika kwenye ini. Tena, chai nzito namna ile ikinywewa pamoja na chakula huuzuia mwili kupata madini ya chuma, na huyu alikuwa mtu anayepoteza damu.

"Mzee," alisema, "vyakula hivyo tunawashauri watu wasioumwa. Wewe ulitakiwa uje hapa ulipoiona damu mara ya kwanza."

Nikamchukua kwangu Makambako, karibu na duka la dawa. Mama alirudi Lupembe kuangalia shamba na mifugo, kwa makubaliano kwamba tungepokezana. Jioni moja nikiwa nampangusa baba uso nilianza kumtukana yule mtaalamu, maana nilimchukia kwa moyo wangu wote. Nikasema amemuua mtu kwa maneno matamu. Baba alisikiliza huku ametazama ukuta.

"Muache mtoto wa watu," alisema. "Alituambia palepale, mwenye kuona damu aende hospitali. Nilimsikia vizuri. Niliogopa kupasuliwa, mwanangu. Nyie mkagombana na chai, na mimi nikawaacha mgombane nayo."

Hasira yangu yote ikakosa pa kwenda. Nilivuta kigoda nikakaa karibu na kichwa chake, nikamuuliza sasa anaogopa nini. Aliuacha ukuta, akanitazama.

"Kufa mama yako akiwa hayupo," alisema.

Alfajiri mume wangu alituma gari Lupembe kumfuata mama. Alifika mchana na kibuyu cha togwa aliyomkorogea baba, akaipita sebule bila kusalimu mtu, akaingia chumbani. Tulikuwa tumeshamfunika.