Siku Binti wa Bwana Treni Alipopimwa Kimo

Pale kwenye bustani ya burudani walimwita Bwana Treni, naye hakuwahi kukasirika, maana jina hilo alilitafuta kwa udi na uvumba. Kazi yake ilikuwa kupanga mchezo gani mpya ujengwe na ujengwe wapi. Kila ilipofika zamu ya kuongeza kitu, mkurugenzi alimwita yeye kwanza, na yeye alikuja na jibu lile lile: treni nyingine. Si treni ya abiria, bali zile zinazovutwa polepole hadi kileleni mwa reli, kisha zinaachiwa zianguke, na watu wazima wenye vyeo vyao wanalia kama vitoto vichanga. Hiyo ofisini waliiita michezo ya juu. Mingine yote, vikombe vikubwa vinavyozunguka na watu ndani, farasi wa mbao, vindege vinavyopaa kivivu na kushuka, hiyo ilikuwa michezo ya chini. Bwana Treni akitamka "ya chini" ungedhani anataja upele.

Ofisi yake ilikuwa juu ya madirisha ya tiketi. Katikati palikuwa na meza pana yenye mfano wa bustani nzima, vilima vyake vya sponji ya kijivu na reli zake za waya. Sponji aliikata mwenyewe kwa kisu chembamba, na alikuwa fundi kwelikweli. Kwenye mkono hakuna wa kumsema vibaya. Tabu ilikuwa kichwani, ambako palikuwa na nafasi ya treni tu.

Aliyempinga waziwazi alikuwa mmoja, msimamizi wa milango, mwanamke mnene mpole ambaye wote walimwita Mama Foleni kwa sababu alishinda kwenye foleni kutwa nzima akisikiliza watu wanavyonung'unika.

"Treni tunazo mbili," alisema kwenye mkutano wa kuamua. "Ukiongeza ya tatu mahali pa vikombe, umeongeza foleni, hujaongeza watu. Mtu anakuja na mkewe, mama mkwe na watoto. Anayepanda ni yeye peke yake. Waliobaki wanashika mikoba juani. Mara ya pili hawarudi. Weka ya juu, sawa, lakini ubavuni mwake acha ya chini miwili mitatu, na kivuli."

"Mama yangu," Bwana Treni alijibu huku akijinyoosha kitini, "nani anatoka nyumbani kwake kufuata vikombe? Vikombe anavyo kabatini. Atie chai anywe."

Mkutano mzima ukaangua kicheko, mkurugenzi akacheka mpaka akafuta macho, na hoja ikazikwa hapo hapo. Mama Foleni alikusanya karatasi zake. Kinachouma ni kwamba Bwana Treni alijua mwenzake anasema kweli. Hilo la kuchanganya ya juu na ya chini ndilo somo la kwanza kabisa katika kazi ile, na yeye mwenyewe aliwahi kuwafundisha wageni wa kazi. Lakini hakuna gazeti linalopiga picha ya vikombe. Vikafunguliwa skrubu, vikapakiwa kwenye lori pamoja na farasi na vindege, na zege likamwagwa.

Nyumbani alikuwa na binti mmoja. Mtoto huyo alizaliwa kabla ya siku zake, na tangu hapo alikuwa mdogo kuliko wenzake, mdogo wa umbo lakini mdomo mkubwa kama wa babake. Kila jioni wakati wa kula, Bwana Treni alimsimulia reli ilipofikia. "Hii nakujengea wewe," alimwambia. "Ikikamilika, wewe ndiye wa kwanza. Kiti cha mbele, mimi na wewe." Mtoto akaipeleka habari hiyo shuleni, akaitangaza darasani, akaitia na chumvi kidogo. Babake alikuwa amepiga hesabu kwamba ujenzi utachukua muda na mtoto naye atakuwa akirefuka hadi afike kimo cha kupanda. Akawa anamsimamisha kwenye mlango wa jikoni na kumpima kwa penseli. Reli ilipanda haraka. Mtoto hakuwa na haraka hata kidogo.

Siku ya familia za wafanyakazi ilipokaribia, kabla ya treni mpya kufunguliwa kwa umma, mkewe alimwambia akiwa anakunja nguo, "Mwambie ukweli. Mwambie hajafika kimo, atapanda mchezo mwingine."

"Mwingine upi?"

Aliuliza kwa ukali, kisha akasikia swali lake mwenyewe likimrudia. Hakukuwa na mwingine. Bustani nzima aliyoipanga yeye haikuwa na kitu kimoja ambacho mwanawe angeweza kukipanda. Kukubali kwamba mtoto ni mfupi ilikuwa sawa na kwenda kwa Mama Foleni na kumwambia ulikuwa sahihi, na hilo lilimshinda. Afadhali angemeza moto.

Basi akafanya jambo ambalo hata leo akilikumbuka masikio yanamchoma. Alimnunulia mtoto buti za kamba, za kufika kwenye vifundo. Wenzake walipokwenda kula, alikaa kwenye ile meza ya mfano, akachukua kipande cha sponji ya kilima, akakikata kwa umbo la unyayo, akabandika tabaka juu ya tabaka, akachonga na upinde wa mguu usimuumize, akaitia ndani ya buti. Kazi safi mno. Mtoto alipozivaa alifika kwenye mstari wa kimo.

"Siri yetu, eh?" alimwambia.

"Siri yetu, baba."

Na ule mstari ni nani aliyeuweka? Yeye. Yeye ndiye aliyeandika kwamba aliye chini ya hapo asipande, kwa sababu ule mkono wa chuma unaoshuka na kubana mapaja haumshiki mtoto mdogo vizuri. Alijiambia kwamba vipimo huwekwa na akiba, kwamba kupungua kidole kimoja si kitu, kwamba atamshikilia kwa mkono wake. Kwa mkono wake, eti. Mtu aliyepiga hesabu ya treni ile inavyomrusha binadamu.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali. Mkurugenzi alisimama karibu na ngazi za treni akisubiri picha ya kiti cha mbele, na nyuma ya Bwana Treni na bintiye foleni ya wafanyakazi na jamaa zao ilikuwa imejikunja kama mara tatu hivi. Mlangoni, kando ya ubao wa kipimo, alisimama Mama Foleni mwenyewe.

"Shikamoo, mama," mtoto alisalimia.

"Marahaba, mwanangu. Umependeza na buti zako. Haya, vua tukupime."

"Atapimwa nazo," Bwana Treni akadakia. "Ni za kamba, hazivuliki upesi."

"Watoto wote nawapima pekupeku leo. Wa dereva amevua, wa mhasibu amevua."

Angeweza kusema hapo. Angeweza kusema, mwache, tumebadili nia, tutakuja mwakani. Mtoto aliinama, akahangaika na kamba, akavuta mguu, na sponji ikatoka pamoja nao, ikadondoka juu ya zege mbele ya watu wote.

Mama Foleni aliiokota. Aliigeuza, akaona rangi yake ya kijivu, akaona tabaka zilivyobandikwa na kisu kilivyopita. Yeyote wa bustani ile aliyeishika mkononi angeijua sponji hiyo na mkono ulioikata. Akamtazama Bwana Treni, akamngoja. Hakumkazia macho. Alimngoja tu, kama mtu anayekushikia mlango upite.

Bwana Treni aliangalia reli.

"Mimi ndiye niliyeweka," mtoto akasema. "Nilichukua kwa baba. Yeye hajui."

Mkurugenzi akapasuka kwa kicheko. "Huyu kweli mtoto wa mjenzi! Watoto wa siku hizi hatuwawezi." Foleni nzima ikacheka. Na Bwana Treni, ambaye alikuwa na pumzi ya kutosha kusema maneno mawili, aliitumia kucheka pamoja nao. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini alicheka, tena kwa sauti.

"Njoo basi, picha inangoja," mkurugenzi alimwita, naye akaenda. Alimwacha mwanawe pekupeku pembeni ya ubao, akapanda, akakaa kiti cha mbele, mkono wa chuma ukashuka ukambana mapaja sawasawa.

Treni ilivutwa juu taratibu. Kule kileleni, kabla ya kuachiwa, alitazama chini. Kwenye mfano wa mezani kwake mahali pale palikuwa pa kijivu na patupu. Sasa paliwaka jua na pamejaa watu waliosimama: mabibi, wajawazito, watoto wa kubebwa, kila mmoja na mkoba wa mwenziwe begani, wote wakiangalia juu. Miongoni mwao alimwona mkewe amechuchumaa, anamfunga mtoto kamba za buti. Treni ikaanguka, watu wakapiga mayowe. Yeye hakusikia woga wowote. Alisikia aibu tu, hadi kwenye masikio.

Aliposhuka hakukaa kupongezwa. Aliwachukua mkewe na mtoto wakaenda kwenye gari. Mkewe alifungua mlango wa nyuma, akaingia, akaangalia dirishani. Mtoto alibaki amesimama, akamvuta babake shati.

"Baba, sasa hawakufukuzi, siyo?"

"Wanifukuze kwa nini?"

"Kwa sponji. Ndiyo maana nikasema ni mimi. Mimi hawawezi kunifukuza, mimi sifanyi kazi pale."

Bwana Treni aliweka mkono juu ya paa la gari, likamchoma, asiuondoe. Alikuwa amekaa na watu wakubwa miaka yote ile, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumkingia kifua namna hii. Na yeye alikuwa amesimama nyuma ya mgongo wa mtoto ambaye hajafika hata kwenye mstari.

Akamshika mkono wakarudi, wakipishana na watu waliokuwa wanatoka. Mama Foleni alikuwa bado mlangoni, na mkurugenzi alikuwa kando yake akinywa maji.

"Ile sponji niliweka mimi," Bwana Treni alisema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi arudie. "Niliikata mimi, mezani kwangu. Mtoto amenifichia. Na vikombe, mkurugenzi, niliviondoa nikijua havifai kuondolewa. Mama alisema kweli, mimi nikamgeuza kichekesho."

Mkurugenzi aliacha kunywa. "Wewe? Wewe uliyeandika kipimo?"

"Mimi."

"Ungemuua."

"Ndiyo."

Hakuna aliyecheka. Dereva na mhasibu, waliokuwa karibu na watoto wao, wakageuza nyuso upande mwingine, ikawa vibaya zaidi kuliko kama wangemtazama. Mkurugenzi alifunga chupa yake polepole, akamwambia Jumatatu aanzie ofisini kwake, asianzie kwenye meza ya mfano, kisha akaondoka. Mama Foleni hakusema nilikwambia. Aliangalia chini tu, akimtazama mtoto.

Mtoto alikuwa amechomoa mkono wake kutoka kwenye mkono wa babake, na machozi yalikuwa yanamshuka.

"Mbona umesema, baba?" alinong'ona. "Mimi nilikuwa nimeshakuokoa."