Veri Moja kwa Mkono wa Dada

Kiingereza nakijua. Darasa la sita ndilo lililonishinda. Neno langu kubwa lilikuwa veri, yaani sana. Sisi sana tunaiweka nyuma, jambo likishasemwa. Wenzetu wanatanguliza veri, ujue mzigo ni mzito kabla hujauona. Mimi nililipachika popote: veri viatu, veri mjomba. Wapwa wangu walicheka hadi machozi.

Dada yangu mkubwa hakuwa na sana wala veri. Alikagua mashati kiwandani, miaka kumi na tisa. Mashati yenye kasoro yalikuwa na vikapu vitatu: kidogo, kiasi, sana. Ukitupa shati kwenye sana, mashine zinasimama na wewe unaitwa ofisini kujieleza. Basi yeye karibu kila kasoro aliitupa kwenye kiasi. Hata shemeji alipofariki, tulipomuuliza anajisikiaje, alisema kiasi, akaendelea kukunja nguo za marehemu.

Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kufa ganzi. Siku moja nilimkuta ameshika sufuria ya moto, ngozi inanuka, naye anaongea na jirani tu. Nikampeleka hospitali. Daktari alikuwa mgeni, Kiswahili hana, nikajitia ukalimani, kifua mbele.

Akauliza kama ganzi ni kali. Dada akanitazama.

"Mdogo wangu, mwambie kiasi. Ukisema sana ataniandikia nipumzike, na kiwandani anayepumzika harudi."

Veri ilikuwa ulimini. Nikaimeza. Nikamwambia daktari ni kidogo tu, nikapunguza hata kile kiasi chake. Tukapewa dawa ya kuchua, tukarudi.

Miezi mitano baadaye hakuweza kushika hata kifungo, wakamwachisha kazi. Nikarudi kwa daktari peke yangu.

"Veri, daktari," nikamwambia. "Veri, tangu siku ile."

Hakunigombeza. Alinituma nimlete dada, akampima, akasema kuna mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kiwiko, na angeufungua mapema, mkono ungepona. Akaufungua hivyo hivyo. Kidole gumba kilirudi. Vinne vilivyobaki vimelala.

Siku hizi asubuhi napita kwake kumkatia mkate. Hajanilaumu hata mara moja. Nakata vipande, namsogezea upande wa kushoto, tunakula.