Wimbo wa Makasia Kwenye Kisiwa cha Popo

Mama yangu hakuwahi kuielewa kazi yangu. "Mutoto nilisomesha mpaka Tanzania, anaenda mu ziwa kuangalia popo!" aliwaambia wenzake anaovuka nao mpaka kila asubuhi kuuza parachichi Goma. Wao wakacheka, mimi nikanuna. Hata Kiswahili changu alikitania. Alisema kimepigwa pasi.

Popo wenyewe wanaishi kwenye kisiwa kidogo ndani ya Ziwa Kivu, tunakofika kwa boti kutoka Gisenyi. Kisiwa hakina nyumba, ni miti tu. Ni popo wakubwa wanaokula matunda, na mchana wananing'inia wengi hadi utadhani miti imezaa. Tuliwachunguza na kuwalinda, maana kuna watu huja na nyavu kuwawinda. Tulipoanza tukaweka masharti: wavuvi wasipite karibu, na sisi wenyewe tukikaribia tuzime injini, tushike makasia, na mtu asifungue mdomo. Tulijiona tumewaletea popo amani.

Wapi! Kila tulipokaribia waliruka wote kwa pamoja, mchana kweupe, kwa makelele ya kutisha. Na ulikuwa msimu wa kulea. Vitoto viliponyoka vifuani mwa mama zao vikaanguka majini. Nilikuwa naviopoa vimeshakufa, manyoya yamelowa, na nililia mbele ya watu bila haya. Mwishowe mkuu wetu, mama mmoja mtaalamu kutoka Kigali asiyependa maneno mengi, akasema tutakwenda mara moja tu zaidi. Wakiruka tena, kazi inafungwa.

"Hatuwezi kuwaua huku tunasema tunawalinda," alisema.

Alisema kweli, lakini siku hiyo nilimchukia. Tukiondoka sisi, popo wangebaki na wenye nyavu.

Mama aliposikia, akadai kuja. Marehemu baba alikuwa mvuvi wa sambaza, dagaa wa ziwa letu, kwenye ile mitumbwi mitatu inayofungwa pamoja kwa miti mirefu, na yeye ndiye aliyekuwa akianzisha wimbo. Kwetu wavuvi hawapigi kasia bila wimbo. Mmoja anaanza, wengine wanaitikia, na mikono inakwenda sawa. Baba alijisifu kwamba akiimba hata visiwa vinanyamaza kumsikiliza, na mama alikuwa akimwambia apunguze pombe. Tangu tumzike, mama hakuwa ameimba tena. Hata kanisani Nyundo alifungua mdomo tu, sauti haitoki.

"Mi nataka kuona hii kazi kabla iishe," alisema.

Mkuu alinitazama, akakubali, ila kwa sharti mama akae kimya.

"Bon," mama akajibu. "Mi niko bubu."

Tulipokaribia kisiwa jioni, nahodha alizima injini, tukashika makasia. Hapo hapo upepo ukaanza, boti ikayumba, na mama akaning'ang'ania goti. Alifumba macho. Nikasikia kitu kama mguno, halafu maneno, halafu wimbo wenyewe. Wimbo wa baba! Papo hapo nikapandwa na hasira.

"Mama, nyamaza! Utatuharibia!"

Hakunisikia. Mbaya zaidi, nahodha, ambaye ujana wake wote alipiga kasia na baba, akaitikia kabla hajakumbuka masharti. Mkuu aliinua mkono kuwanyamazisha, na mkono ukabakia hewani.

Popo hawakuruka. Mmoja alinyoosha bawa, akalikunja. Wengine waligeuza vichwa, masikio yakatuelekea, basi. Tukaingia mpaka chini ya matawi, kwenye ile harufu yao ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, na kwa mara ya kwanza nikaviona vitoto vikiwa hai, vimefungwa ndani ya mabawa ya mama zao, macho ya kahawia yakituangalia bila wasiwasi.

"Waache waimbe," mkuu alinong'ona.

Ndipo tulipoelewa, wote pamoja, tukitazamana kama wajinga. Wanaokuja kimya ni wawindaji. Wavuvi miaka yote walipita wakiimba na hawakumgusa popo hata mmoja. Sisi tukawafukuza waimbaji, kisha tukaja kimya kimya na boti yetu.

Jua lilipozama, waliondoka wenyewe, kwa utaratibu wao. Tawi baada ya tawi liliinuka likiwa jepesi, mpaka anga juu yetu ikawa mabawa tu, na kwa mbali volkano ya Goma ilikuwa imeanza kuwa nyekundu. Mvumo wao niliusikia kifuani.

Mama alifumbua macho, akanyamaza katikati ya ubeti.

"Yewe! Mana we! Iko wengi hivi?" Aliangalia juu muda mrefu, shingo imepinda. "Walikuwa wanamusikiliza baba yako kweli. Na mi nilikuwa namuambia ni pombe."

Akaanza kulia. Nikamshika bega, nami nikalia.

Mkuu alimwuliza kwa heshima kama angekubali kuja nasi tena safari ijayo. Mama alijipangusa uso kwa ncha ya kitenge.

"Ntakuja," alisema. "Iko wimbo ingine, ile alikuwa anaimba wakati ya kurudi nyumbani. Hiyo hawajaisikia siku mingi."