Nilivyowapikia Chai Waliokuja Kunililia

Mimi nimehudhuria msiba wangu mwenyewe. Na chai nikapika mimi.

Naitwa Hyasinta, wa Ganako, Karatu. Mwaka jana nilikuwa natibiwa saratani ya titi kule Moshi. Naenda, natundikiwa dripu, narudi niko kama nguo iliyokamuliwa.

Nyumbani hakuna aliyesubiri nipone. Mtoto anataka uji, ng'ombe anataka majani, maharage yamekauka shambani yanapasuka.

Mama mkwe wangu, Bibi Natalia, anaishi Mbulu. Tangu nianze dawa hakuwahi kunipigia simu. Nikasema basi, huyu keshanichoka.

Nilipomaliza dripu ya mwisho nililala Moshi, kesho yake nikarudi. Bodaboda akapunguza mwendo karibu na kwangu.

"Dada, hapa kuna msiba."

"Hapa ni kwangu."

"Basi pole sana."

Turubai. Viti vya kukodi. Kwaya inaimba. Nikamwaza binti yangu, Lightness.

Jirani yangu Martha akanipokea. Nilikuwa na barakoa, na kitambaa nimekishusha hadi kwenye nyusi. Hakunijua.

"Pole, dada. Marehemu alikuwa nani yako?"

"Nani amefariki?"

"Hyasinta. Mwili tunausubiri kutoka Moshi. Unaweza kusaidia jikoni? Hata sukari hatuioni."

"Iko kwenye ndoo nyeupe, chini ya kitanda," nikajibu.

Nilitakiwa niseme ni mimi. Lakini jamani, nilikuwa nimechoka, halafu na mimi nilitaka chai.

Nikapika. Nikampelekea mama mkwe.

Alikuwa kwenye mkeka, kanyoa kichwa chote, analia na kuongea peke yake.

"Mwanangu Hyasinta, niliogopa kukupigia. Nilijua nikisikia sauti yako nitalia, nitakukatisha tamaa. Sasa nitamwambia nani?"

Nikavua barakoa. "Mama, shika chai."

Akapokea. Akaniangalia. Akanywa funda moja.

"Haina sukari," akasema.

Ndipo kikombe kikamponyoka.

Kwaya ikakata wimbo katikati. Mwenye besi aliruka uzio, hatukumwona tena siku hiyo. Lightness akatoka ndani mbio, akanikumbatia kiuno, hakuniachia.

"Nani kasema nimekufa?" nikauliza.

"Mume wako," akasema mama mkwe. "Amepiga jana. 'Mama, Hyasinta amemaliza mwendo, tumshukuru Mungu.' Simu ikakata."

Mume wangu Bonifasi ni dereva wa watalii. Alikuwa Ngorongoro, bondeni, mtandao wa kubahatisha. Na ni mzee wa kanisa, hawezi kusema "amemaliza dripu" kama watu wengine.

Watu wakaanza kukunja viti. Mama mkwe akakataa.

"Chakula kimeshapikwa. Kuleni, halafu wote shambani kwenye maharage."

Wakang'oa shamba zima.

Jioni Bonifasi akarudi. Kuona turubai, akapiga magoti getini akalia kama mtoto, anaita jina langu. Nikataka kumkimbilia.

Mama mkwe akanishika mkono. "Mwache alie kidogo. Na wewe usikie."

Nikasikia. Miaka kumi na moja ya ndoa, sikuwahi kuyasikia yale maneno.

Vipimo vya baadaye vilitoka vizuri. Kliniki bado naenda.

Ndugu yangu, kama una mgonjwa unampenda, mpigie leo. Ukilia, lia. Naye atalia, halafu mtaulizana mmekula nini.