Njia ya Siku Nane

Fundi cherehani wa soko la Rumonge hakosi pini mbili tatu mdomoni, ndiyo maana huongea taratibu. Leo vidole vyake vinapita juu ya ramani ya Kilimanjaro iliyotandazwa kwenye meza ya kukatia nguo. Mwaka juzi alipanda kwa njia fupi. Kichwa kikamuuma, akatapika, waongozaji wakamrudisha kilele kikiwa kinaonekana. Mdogo wake, Sumaya, anaitazama ramani na kuguna. “Dada, chukua ileile ya zamani. Iko na nyumba za kulala. Hii ingine ni siku nane mu hema.” Fundi anatoa pini mdomoni, moja moja. “Sikushindwa na baridi, Sumaya. Nilikwenda mbio, mwili haukupata muda wa kuzoea. Safari hii nachukua ndefu.”

Jioni anajitwika mfuko wa mchanga mgongoni na kuanza kupanda kilima nyuma ya mji. Wanawake wanaorudi kutoka sokoni, bidoni za mawese kichwani, wanamsalimu kwa amahoro, wanacheka, wanampita. Anawaitikia wote, wala haongezi mwendo.